Bachisio Anachagua Kisu

"Hajazaliwa mtu wa kuniuzia mimi kisu kibovu!"

Mzee Bachisio Sechi aliyasema hayo baa, Jumapili baada ya misa, akiwa amesimama, wanaume thelathini wakimsikia na padri akipita dirishani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ukweli ni kwamba asubuhi ile kisu chake cha kukunja, alichoachiwa na baba yake, kilikatikia ndani ya jibini. Kilikuwa kimenolewa miaka arobaini mpaka kikabaki chembamba kama mwiba wa samaki. Na Juni ilikuwa inakuja. Kila Juni majirani humsaidia Bachisio kunyoa kondoo, na malipo yao ni kula. Kwetu huku milimani Sardinia kila mwanamume huja mezani na kisu chake mfukoni, na hakuna anayekifungua kabla mwenye kondoo hajafungua chake na kukata nyama ya kwanza. Kuazima kisu siku hiyo ni kama kuazima suruali.

Basi alihitaji kisu, tena kizuri, maana kijiji kizima kilishatangaziwa.

Sasa mjue mtu mwenyewe. Ukimwambia habari za asubuhi, anatazama jua kwanza. Daktari akimwandikia dawa, anaanza kumpa paka. Ameoa miaka thelathini na tano na bado akiletewa kahawa anamuuliza mkewe Mallena nani ameipika.

Alianzia mnadani. Alijaribu makali kwenye nywele za mkono mpaka mkono wa kushoto ukawa laini kama wa mtoto mchanga. Halafu akatoa sindano, akaipasha kwa kiberiti, akaichomeka kwenye mpini.

"We mzee, unaniharibia mali!" mwuzaji akapiga kelele.

"Pembe ya kweli ikiungua inanuka nywele. Hii yako inanuka ndoo ya plastiki. Huyu mnyama wako alikuwa anakula nini, mabeseni?"

Hapo, kusema haki, alikuwa sahihi. Tatizo la Bachisio ni kwamba akipatia mara moja, anajipa leseni ya mwaka mzima.

Akaenda kwa Gavino Fois, fundi wa visu, mtu wa maneno machache anayeuza kisu kama anakutolea figo. Visu vya Gavino havina springi. Ubapa unashikiliwa na mbano wa mpini peke yake, kwa hiyo mpini ndio kila kitu. Bachisio akadai kuona chuma kikifuliwa tangu mwanzo. Gavino akamsogezea kigoda. Alikaa siku tatu, hata chooni akienda anatembea kinyumenyume.

Siku ya nne Gavino akashusha pembe kutoka darini. "Hii imekauka miaka sita. Inafaa."

Bachisio akaigeuzageuza. "Mama yake nani?"

"Mama ya nani?"

"Ya huyu kondoo. Mimi simjui." Akafungua mfuko wake, akatoa pembe kubwa, imejisokota vizuri. "Huyu ni dume langu. Nimemchinja Januari kwa mkono wangu. Tia hii."

"Mzee, hiyo ni mbichi. Joto likija itasinyaa, itabana ubapa. Hutakifungua."

"Eee! Ndiyo maana yako umeikausha, uniuzie kwa bei ya miaka sita!"

Gavino akaipokea. Kisha akatia ile mbichi.

Kisu kilitoka kizuri, siwezi kusema uongo. Bachisio alikifunga kwenye kitambaa, akakificha juu ya kabati karibu na bomba la moshi la jiko, watu wasije wakakiona na kukionea wivu. Mpaka Juni aliendelea kukata mkate kwa kile kipande cha kisu cha baba.

Siku ikafika. Kondoo mia mbili wamenyolewa, wanaume wananuka sufu, nyama imewekwa juu ya magome ya mti inatoa mvuke. Wote mikono mifukoni, kwenye visu vyao. Bachisio akasimama kichwani mwa meza, akafungua kitambaa polepole ili tuone. Akaingiza ukucha kwenye ubapa, akavuta.

Hakikufunguka.

Akavuta tena. Akageuka kando kama anayepenga kamasi, akavuta kwa meno.

"Mume wangu," Mallena akasema kwa upole, "watu wana njaa."

"Amekitia gundi!" Bachisio akamnyooshea kidole Gavino, naye alikuwa mezani nasi. "Huyu! Nilijua! Siku ya pili nilipofumba macho!"

"Ulifumba macho?" akauliza mmoja wetu. "Siyo wewe uliyesema unalala jicho moja wazi?"

Meza ikacheka. Bachisio akawa mwekundu mpaka upara. Mwenye kondoo asipokata, hakuna anayekula, na watu wasipokula kwako hawarudi kukunyolea mwakani.

Gavino akainuka. Akanyoosha mkono. Bachisio alisita, akamfikiria, akamfikiria tena, mwishowe akampa. Gavino akaenda kwenye sufuria ya mchuzi wa kondoo, akakidumbukiza kisu kizima, akasubiri. Pembe ikalainika, harufu ikapanda.

"Dume lako limerudi chunguni," akasema. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote tuliyomsikia akisema siku nzima.

Akakifungua kwa ncha ya msumari, akakirudisha kikidondoka mchuzi. Bachisio akakata nyama ya kwanza. Visu vyetu arobaini vikafunguka kwa mpigo. Chake hakuthubutu kukifunga tena. Usiku alirudi nacho ndani kikiwa wazi, amekishika mbele kama mshumaa.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Gavino kabla hapajafunguliwa.

"Ile pembe ipo?"

"Ipo."

Akatoa sindano, akaipasha, akaichomeka, akanusa. Nywele. Akanusa mara ya pili.

Gavino akamwandikia bili: pembe kavu ya miaka sita, pande mbili za mpini, pamoja na kazi ya kubadilisha: euro sabini.