Soksi Nilizosema ni za Mke Wangu

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatano, niliposema uongo wa maneno manne, na aibu iliyofuata naisimulia mwenyewe kwa sababu Garissa nzima imeshaisimulia vibaya, nami si mtu wa kuvumilia maelezo yenye makosa.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Nasimama nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi hadi magharibi, na elimu yangu ya darasani iliishia darasa la nane, iliyobaki nimejisomea (zamani kwa vitabu vya mitumba, siku hizi kwa simu), kiasi kwamba pale dukani wananiita Daktari, nusu heshima, nusu kejeli. Kwa hiyo mishipa ya mguu wangu wa kushoto ilipoanza kutuna na kujisokota chini ya ngozi kama kamba ya bluu, sikumwambia mtu, nilisoma. Nilijifunza kwamba ndani ya vena za miguu kuna vali ndogo zinazozuia damu isirudi chini inapopanda kwenda moyoni, kwamba vali zikilegea damu hutuama, mshipa ukavimba na mguu ukawa mzito, kwamba kusimama mahali pamoja huzidisha, kutembea na kuinua miguu hupunguza, na kwamba kuna soksi maalumu, zinazobana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda, ambazo hutuliza ingawa haziponyi. (Nilisoma pia kwamba mtu apimwe na daktari kabla ya kuzivaa. Sehemu hiyo niliiruka.) Sikutaka tajiri wangu ajue, maana mwenzangu mmoja alilalamikia mgongo na mwezi uliofuata hakuwa na kazi.

Nikaagiza soksi Nairobi. Kwenye ofisi ya basi kila kifurushi hufunguliwa kwa usalama, hilo nalijua, ila sikujua kwamba siku hiyo zamu ya kufungua itakuwa ya Yussuf, binamu wa mke wangu Habiba. Akazitoa, ndefu hadi pajani, rangi ya ngozi, akaziinua juu mbele ya watu wote.

"Mashallah, Daktari! Hizi za nani?"

"Ni za mke wangu," nikasema.

Watu wakatabasamu, mama mmoja akaniombea dua, nami nikaondoka nikiona nimejiokoa kwa bei rahisi. Dukani nikaingia stoo, nikalala juu ya mifuko ya saruji miguu nikiiegemeza ukutani (uvimbe lazima ushuke kwanza), kisha nikazivaa chini ya kikoi. Raha niliyoipata siwezi kuikana. Halafu ikaadhiniwa adhuhuri, nikakumbuka bomba za msikitini, wanaume wamekaa safu moja wanaosha miguu, na mimi katikati yao nikivua soksi za mwanamke. (Najua upo mjadala kuhusu kupangusa juu ya soksi, lakini mjadala huo hauanzishwi na mtu aliyevaa soksi za rangi ya ngozi hadi pajani.) Udhu nilikuwa nao, nikasali peke yangu stoo. Alasiri vilevile. Jioni nikazivua, nikazificha nyuma ya makopo ya rangi, nikaenda nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na sambusa, na ubani umewashwa siku ya Jumatano, na Habiba amevaa gauni la Idi. Nikadhani tuna mgeni.

"Yussuf amenipigia," alisema akinimiminia chai.

"Anasemaje?"

"Salamu tu." Akangoja. "Hukuja na kitu leo?"

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Nauliza tu."

"Sina kitu."

Akachukua kikombe cha maji, akauzima ubani.

Mtu mwenye akili angesema ukweli pale pale. Mimi nilikula sambusa sita nikalala.

Alhamisi saa kumi jioni, duka likiwa limejaa wafugaji waliotoka upande wa Liboi kununua matangi ya maji, akaingia Hassan, kaka mkubwa wa Habiba.

"Seedi," alisema (ndivyo sisi mashemeji tunavyoitana), na sauti yake haikuwa ya shemeji, "huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Mwanamke gani?"

"Wa soksi. Dada yangu hajaziona. Na msikitini hukuonekana jana wala leo. Siku hizi adhuhuri unasalia kwa nani?"

Mzee mmoja aliyekuwa akigonga tangi kwa fimbo akasema, "Mwache aoe, warya, wanne ni halali. Lakini aoe wazi, asifiche kama mwizi wa mbuzi."

"Hakuna mwanamke," nikasema. "Soksi ninazo."

"Ziko wapi?"

"Nimezivaa."

Hassan akasema polepole, "Nionyeshe."

Nikapandisha kikoi hadi magotini. Sijui nani alianza, najua tu kwamba kicheko kilifika hadi barabarani, mtu akapiga kelele, "Daktari ana miguu ya bi harusi!", mwingine akatoa simu apige picha, na mimi, badala ya kushusha kikoi, nikaanza kuwaeleza habari za vali. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, huku nimekishika kikoi kwa mikono miwili, na kila nilipotaja damu kutuama wakacheka upya.

Ndipo nikamwona Habiba nyuma ya kaka yake, mlangoni. Hakuwa anacheka.

"Inauma?" akauliza.

"Jioni."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

Akageuka akaenda. Nikamfuata nyumbani, nikamkuta ameketi mkekani. Akainua pindo la gauni. Miguu yote miwili. Mishipa mara mbili ya yangu, ngozi karibu na vifundo imekuwa nyeusi, na chini ya magoti amefunga vipande vya leso kuukuu, vimekaza juu na kulegea chini, kinyume kabisa cha nilivyosoma.

"Tangu mtoto wa tatu," akasema. (Tunao watano.) "Yussuf aliponipigia, nilidhani umeona."

Ijumaa baada ya sala wazee wakakaa. Nikatetea kwamba nimesingiziwa mwanamke asiyekuwepo. Hassan akajibu, "Mwanamke tulikosea. Uongo hatukukosea." Nikatozwa haal, fidia ya kumtuliza mke aliyeudhiwa. Mimi niliyesingiziwa ndiye niliyelipa.

Habiba akaichukua ile haal akaenda Nairobi na dada yake. Akapimwa, mishipa mingine ikachomwa sindano ya kuiziba, akaambiwa ile ngozi nyeusi ilikuwa karibu kuwa kidonda. Sasa anatembea vizuri, na soksi zake alijinunulia. Akiwa na swali la miguu humpigia nesi, nami namsikia kutoka chumba cha pili, jibu nikilijua, siulizwi. Dukani hawaniiti tena Daktari, wananiita Soksi.

Nimeapa sitasoma tena ugonjwa wowote kabla sijamtazama kwanza ninayelala naye chini ya paa moja. Mguu wangu wa kushoto bado, maana pesa ya kuutibu ndiyo iliyokwenda: soksi elfu tano na mia mbili, kifurushi mia tatu, haal elfu arobaini. Jumla, shilingi elfu arobaini na tano na mia tano.