Vifuniko Viwili vya Mama Redio

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Redio anakimbia. Khanga ameifunga kiunoni, umande umemlowesha hadi magotini, na mkononi ameshika vifuniko viwili vya chupa: kidogo cheupe na kikubwa chekundu.

"Wenzangu watakuwa wameshaanza kupuliza dawa, we acha tu," anasema akihema.

Viwavijeshi wameingia kwenye mahindi. Msimu uliopita mkulima huyu wa miaka arobaini na sita alivuna magunia matano badala ya kumi na manne. Jina la utani alipewa na majirani, kwa kuwa kila Alhamisi hupalilia huku redio ndogo ikining'inia shingoni, kipindi cha wakulima kikiwa hewani. Anachokisikia huwafikishia wanawake kumi na mmoja.

Wapate wapi kwingine? Afisa ugani huja mara moja kwa msimu, na huitisha mkutano saa ambayo wanawake wako kisimani. Ujumbe wa kilimo huingia kwenye simu, na simu iko mfukoni mwa mume.

"Wangu akiuona anaufuta," anasema, na anacheka bila furaha. "Eti unajaza simu."

Jumapili aliwaambia wenzake: vifuniko viwili vya dawa kwa bomba moja la mgongoni. Redio ilisema hivyo, naye amefanya hivyo miaka miwili kwa kile kifuniko cheupe. Jana jioni alipokwenda kununua dawa, muuza pembejeo akamwonyesha chupa mpya. Kifuniko chake chekundu kinachukua mara mbili ya kile cheupe. Ukiweka viwili, mahindi yanaungua.

Wenzake wote walikuwa wameshanunua chupa hizo.

Giza lilimkuta amewafikia watano tu. "Sikulala," anasema. "Mdomo huponza kichwa, lakini wangu unaponza vichwa vya wenzangu."

Leo ameshawawahi wengine watano. Amebaki wifi yake, ambaye shamba lake liko mbali kuliko yote. Anamkuta katikati ya mahindi, bomba mgongoni.

"Wifi, simama!"

"Kuna nini? Kaka yangu ni mzima?"

"Mzima, yeye na simu yake. Umeweka vifuniko vingapi?"

"Si viwili? Wewe ndiye uliyesema."

Bomba la kwanza limeshaisha. Mistari minane imepulizwa. Mama Redio anachuchumaa, anageuza jani moja, la pili, la tatu. Yote bado ni mabichi, lakini kuungua huonekana baada ya siku mbili tatu. Anaogopa, na hafichi.

Anachomeka kijiti mwisho wa mstari wa nane. "Yakiungua, utavuna mistari minane kwangu."

Wifi anakitazama kile kijiti. "Na Alhamisi? Utatuambia redio imesema nini, au umetususa?"

"Nitawaambia. Ila kuanzia sasa napuliza kwanza mistari mitatu ya kwangu, mje muone kwa macho yenu. Na nitanunua kikombe chenye alama za kupimia, tukitumie sote. Mambo ya vifuniko basi."

Wifi anashusha bomba, analijaza maji, kisha anamsogezea chupa.

"Haya, pima wewe."

Mama Redio anapima kifuniko kimoja chekundu. Hamwagi hata tone.