Hansi na Liza Walipokataa Mchuzi wa Dagaa

Jana binti yangu alitia punje za mahindi kwenye kopo tupu la maziwa, akalitikisa karibu na sikio langu. Nguo za kufua zilinijaa mpaka mlangoni, lakini nikasimama tu. Mlio ule naujua. Ndio uliowaita paka wetu nilipokuwa darasa la tatu, miaka michache baada ya Uhuru, kwetu milimani juu ya Lushoto.

Paka wenyewe walikuwa wa mama mmoja wa Kizungu aliyefuliwa nguo na mama yangu. Alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia mama paka wawili, Hansi na Liza, pamoja na kopo la chakula chao: vidonge vikavu vya kahawia vilivyonuka kama samaki aliyefungiwa sandukuni. Mama akaahidi kuwatunza. Kopo lilikuwa nusu. Likiisha je? Hilo yule Mzungu hakulisema. Alipanda gari, akateremka kwenda Mombo.

Kwetu paka alikula tulichokula sisi. Nikawatengea ugali uliolowana mchuzi wa dagaa. Hansi alinusa, akakung'uta mguu kama aliyekanyaga tope, akaenda zake. Liza hata hakunusa.

"Waambieni Uhuru umeshakuja!" jirani yetu alipaza sauti kutoka shambani kwake. "Au wanangoja uma na kisu?"

Mjomba, aliyekuja kututembelea kutoka Vuga, hakucheka. "Dada, tangu lini paka akabembelezwa? Lificheni hilo kopo. Njaa itawafundisha."

Mama akachukua jembe lake. Mimi nilimwamini mjomba. Wakati ule nilimwamini kila mwanamume mwenye sauti nzito. Mama alipokwenda kulima viazi, nikalificha kopo darini. Nikamkamata Hansi shingoni, nikamchovya pua kwenye sahani ya mchuzi, kisha na Liza vilevile. Jioni mama aliponiuliza, nilisema nimeshawalisha vidonge vyao. Kesho yake nikadanganya tena.

Siku ya tatu Hansi aliingia msituni, hakurudi. Liza alijikunja karibu na mafiga, mbavu zikihesabika. Nikaogopa, nikalishusha kopo, nikamwekea sahani yenye vidonge vyake mwenyewe. Akarudi nyuma, akajibanza ukutani.

Nikamweleza mama yote huku nalia. Nilitegemea fimbo. Akasema tu, "Hukumfundisha kula. Umemfundisha kuogopa sahani."

Sahani akaiweka mbali. Alikata jani la mgomba, akaweka juu yake vidonge vichache, na mchuzi pembeni, umbali wa kiganja. Akaketi, akatazama kwingine. Liza akala vikavu, mchuzi akauacha. Siku iliyofuata mama alivitwanga vidonge kwenye kinu kidogo cha pilipili tulichokisugua mpaka kikang'aa, akatwanga kwa nguvu hata masizi yakadondoka kutoka darini. Unga ule akaunyunyiza juu ya tonge dogo la ugali. Kisha akaongeza tone la mchuzi wa vuguvugu, alioupima kwanza kwa kidole. Kila siku unga ulipungua na mchuzi ukazidi. Siku kopo lilipobaki na chenga tu, Liza alilamba ugali na mchuzi wake wote, akalilamba na jani mpaka likachanika.

Hansi hatukumwona tena. Nilikwenda jioni nyingi ukingoni mwa msitu kulitikisa kopo, nimetia changarawe badala ya vidonge.

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba mama yangu ni mpole, na kwamba mimi, mwenye hasira za karibu, nimechukua kwa mjomba. Mpaka mwaka huu. Mtoto wangu mdogo alikataa uji, na mama mkwe, ametoka tu shamba la ujamaa na jembe lake mkononi, akainama juu yetu: "Mbane pua, atameza tu." Nilimjibu maneno ambayo mama mkwe hajibiwi, na silifuti hata neno moja.

Nikatoka na mtoto na kikombe, nikaketi uani. Nikawa namgusisha tone la uji mdomoni, nasubiri, namgusisha tena. Taya zikaanza kuniuma kwa kuzikaza, na hapo nikauona uso wa mama juu ya kile kinu. Hakuwa mtulivu hata kidogo. Alikuwa amemkasirikia yule mama wa Kizungu aliyeondoka, na kaka yake, na mimi kuliko wote, na hasira yote ile aliimalizia kwenye kusubiri. Hakuna aliyeniambia kwamba hasira inaweza kufanya kazi ya namna hiyo.

Jua lilikuwa utosini pale mwanangu alipolamba tone la kwanza.