Nilivyonusurika kutoboa paji la uso la marehemu hapa Bariadi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila hili limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, acha niliteme. Hii sio chai. Atakayebisha abishe, mimi nilikuwepo na jasho lilikuwa langu.

Ni fundi samani hapa Bariadi. Nina mashine ya CNC, ile inayochonga yenyewe ikifuata kompyuta. Mbao naijua vizuri, hapo sitaki unyenyekevu wa uongo.

Sasa kuna dada mmoja, nimuite Kabula, mwalimu wa shule ya msingi kule Nyashimo. Alikuja na picha ya passport ya marehemu baba yake, ile aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho. Mzee hakuwa mtu wa picha, hiyo ndiyo pekee waliyonayo.

Mama yake yupo Zagayu. Presha ya macho imemmaliza. Mwanga anauona, vivuli anaviona, ila sura za watu hazipati tena, na daktari kawaambia hata hicho kidogo kinaondoka.

Kabula akaniambia kuwa siku moja mama alimuuliza, hivi baba yako alikuwa anafananaje? Miaka yote ile wamelala kitanda kimoja, leo sura imeanza kumpotea. Dada wa watu aliongea huku anaangalia chini.

Alikuwa ameona mtandaoni kitu kinaitwa lithophane. Unachonga picha kwenye kitu cheupe kinachopitisha mwanga. Pembamba panang'aa, panene panakuwa giza. Ukiweka taa nyuma, sura inatokea. Akaamini kwamba mama akiona sura inawaka, ataipata.

Nikasema inawezekana. Nilikuwa na kipande cha solid surface, lile jiwe la kiwandani tunaloweka juu ya makabati ya jikoni. Kilibaki nilipokata tundu la sinki kwenye kazi moja hapa mjini. Kimoja tu. Kingine ni mpaka kiagizwe, na huku kusubiri ni wiki kadhaa. Macho ya mama hayasubiri.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Sisi mafundi mbao tumezoea kumaliza sura kwanza, mgongo baadaye. Unachonga mbele, ukiridhika unageuza, unapunguza nyuma. Mbao inakuvumilia. Basi nikachonga sura ya mzee juu ya jiwe likiwa na unene wake wote, milimita kumi na mbili. Ikatoka safi, mpaka mikunjo ya macho.

Nikaweka taa nyuma. Giza tupu.

Nikapiga hesabu. Michongo imeingia milimita tatu, kwa hiyo nyuma nilitakiwa kuondoa nane. Paji la uso, ambalo ndilo jembamba kuliko kote, libaki na milimita moja. Ningepunguza jiwe kwanza kabla ya kuchonga, ingekuwa kazi ya kitoto. Sasa nilitakiwa kuilaza sura kifudifudi kwenye meza ya mashine, mabonde na milima yake chini, halafu niikwangue mgongo. Pasipo na kitu cha kuiegemeza, ingepasuka tu.

Nilizunguka karakana kama kuku anayetaka kutaga.

Mwisho nikakumbuka nta ya nyuki. Asali huku hatukosi. Nikaenda kwa mama anayeuza, nikachukua nta, nikaiyeyusha, nikaimimina juu ya sura yote mpaka ikajaa, ilipoganda nikaisawazisha. Sura ikazikwa ndani ya nta, juu pakawa tambarare. Nikageuza, nikabandika mezani kwa double tape, ile yenye gundi pande zote mbili.

Siku hiyo Kabula alikuwa amemleta mama kliniki hapa mjini. Mchana wangepita kwangu, jioni warudi Zagayu.

Nikaanza. Nusu milimita kila mzunguko, yaani mizunguko kumi na sita. Vumbi jeupe, barakoa usoni, moyo mkononi. Shida ni kwamba sura sikuiona. Ilikuwa chini, ndani ya nta. Nilipunguza kwa kuamini hesabu.

Mzunguko wa kumi na tatu, umeme ukakatika.

Nilikaa chini, sio utani. Mashine ikizimika ghafla inasahau ilipokuwa. Umeme ukirudi lazima uionyeshe upya sifuri yake, yaani pale inapoanzia kuhesabu kina, na ukikosea nusu milimita mara mbili tu, paji la mzee limetoboka na jiwe lingine huna.

Kabula akapiga simu kwamba wametoka kliniki. Nikamjibu karibuni. Ningesema nini?

Umeme uliporudi nikaweka kipande cha karatasi juu ya sehemu iliyokwisha kukwanguliwa, nikaishusha bit, lile jino la kukatia, taratibu kwa mkono huku navuta karatasi. Ikabana, maana yake jino limegusa jiwe. Nikaachia, nikarudia. Mara tatu ikabana palepale. Nikasema Mungu wangu, twende.

Wa kumi na nne ukapita. Wa kumi na tano, nikaona unjano unajitokeza katikati ya weupe. Ilikuwa nta ya upande wa pili inaonekana kupitia paji la uso. Kijasho kikanishuka mgongoni. Nikazima. Wa kumi na sita sikuuthubutu.

Nikalitoa, nikaliweka kwenye beseni la maji ya moto, nta ikaelea. Nikafuta, nikaweka taa. Wakuu, mzee aliwaka. Nilipiga kelele peke yangu.

Wakafika. Nikamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, nikamkalisha mbele ya ile picha. Akaangalia muda mrefu.

"Ni taa," akasema.

Kabula akageukia ukutani. Jasho lote lile, mama anaona taa.

Halafu akanyoosha mkono. Nilitaka kumzuia, maana pale paji lilikuwa jembamba ajabu, kidole kikikandamiza tu limekwenda. Nikachelewa. Vidole vikapita juu ya paji taratibu, vikashuka puani, mdomoni, vikafika kidevuni. Vikasimama.

"Hapa kanyolewa," akasema. "Nilimnyoa mwenyewe siku ile ya picha. Nikamkata kidogo, akaninunia njia nzima."

Akacheka. Kisha akalia, na vidole havikutoka kidevuni. Akauliza ni nini hiki kinachomchoma macho.

Kabula akaizima taa.

Alikaa na sura ile gizani mapajani mwake mpaka wakati wa gari. Mimi nilijificha nyuma ya mbao, machozi yananitoka kama mtoto.

Nilichojifunza: jiwe linapunguzwa kwanza, linachongwa baadaye. Na kabla ya kuuliza unene, muulize mwenye kazi kitu chake kitatumiwaje. Lile jiwe nene la mwanzo, lililokuwa giza tupu, lingemtosha kabisa, na angelishika bila mimi kushikwa na presha.

Mafundi mliowahi kupunguza solid surface, njooni mnisute na mnifundishe. Na kama una mzazi ambaye macho yanamuishia, tuambie wewe umemfanyia nini.