Anayewatoa watu kwenye kasma ya mifagio

Saa moja na nusu asubuhi, theluji ikiwa bado imelala kwenye ngazi za jengo la utawala, Seok Mi-ran anakoroga kahawa kwa pakiti yake tupu. Kwenye kompyuta yake, namba elfu nne zinangoja kupangwa upya.

"Hujazimaliza tu?" anamtania Tak Ok-bun, msafishaji, akimwaga pipa la taka. "Utazeeka nazo, mwanangu."

"Nikizeeka mimi, wewe utakuwa wapi, mama mdogo?"

Mi-ran, 46, ni mhasibu wa chuo kikuu kimoja binafsi mjini Cheongju, Korea Kusini. Kila won ya chuo hupewa namba inayosema imetoka wapi, ni ya idara gani na imelipia nini. Mpangilio huo ulitungwa chuo kikiwa na vitivo vitatu. Sasa viko kumi na kimoja, na kila jambo jipya limekuwa likichomekwa palipo na nafasi. Bwawa la kuogelea lililofukiwa zamani bado lina namba yake. Idara ya roboti iko chini ya kilimo.

"Watu wanacheka. Hata mimi nilicheka," anasema.

Kicheko kilimkatika alipofika kasma, yaani fungu la bajeti, ya vifaa vya usafi. Humo, kati ya sabuni na mifagio, alikuta mishahara ya wasafishaji 31. Mwaka jana chuo kilipunguza matumizi ya vifaa kwa asilimia kumi, na wasafishaji watatu hawakuongezewa mkataba.

"Nimeuliza kila ofisi. Hakuna aliyeamua kuwaachisha. Walikatwa pamoja na mifagio." Hasira bado haijamtoka.

Ok-bun, 63, anayelipwa won milioni 2.1 kwa mwezi, alibaki, akarithi na sakafu za wenzake. "Hiyo asilimia kumi yaulize magoti yangu," anasema.

Mi-ran amewahamishia wote kwenye kasma ya wafanyakazi. Bosi wake, mkurugenzi wa fedha Noh Gyu-tae, alikuja juu: gharama za wafanyakazi zitaonekana zimepanda, na baraza la chuo halipendi kuona hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wajumbe wa baraza hawajawahi kusugua ngazi.

"Bi Seok, pesa si ni zile zile? Unajitafutia nini?"

"Kama ni zile zile, bosi, basi zikae mahali pake."

Alikataa kuwasilisha mpangilio bila mabadiliko hayo. Noh alitia saini akinung'unika.

Ijumaa baraza litapiga kura. Likikubali, namba mpya zitaanza Machi mosi, mwaka wa fedha unapofunguliwa. Je, likikataa?

"Nitazirudisha mbele yao mwezi unaofuata, na unaofuata tena. Nataka wale watatu warudi. Na kuanzia sasa, anayetaka kumwachisha mtu amtaje kwa jina."

Ok-bun anainama kwenye kompyuta. "Kwa hiyo mimi niko wapi hapo?"

Mi-ran anamwonyesha kwa kidole. "Hapa. Kasma moja na mkuu wa chuo."

"Ahaa!" Ok-bun anafunga mfuko wake wa taka. "Basi mwambie mwenzangu, pipa lake kesho alimwage mwenyewe."