Shibiri Mbili za Chuma

Nilidanganya. Kwa miaka mingi nilikana, tena kwa ukali wa mtu mwenye shahada, lakini kile kipande cha chuma kilichokaa barazani kwa baba yangu kule Ruangwa hakikutoka kwenye kifaru chepesi cha majaribio. Nilijua hivyo tangu siku nilipokipima, nikairudisha rula kabatini na kunyamaza.

Kilikuwa kipande cha mnyororo wa kifaru, ule unaozunguka magurudumu. Baba alikipata ujanani, alipokuwa kibarua wa kufyeka mapori ya Nachingwea kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Alipokileta nyumbani, mama alikifanya cha kubangulia korosho. Mimi, niliporudi kutoka chuo kikuu, nikakitafutia ukoo bora.

Nilikuwa nimesoma, kwa sababu ambazo hata mume wangu hajazielewa, habari za vifaru vyepesi vilivyobuniwa kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Nilivipenda kwa sababu havikutulia. Wahandisi walitaka kitu kidogo, cha bei nafuu, cha watu wawili, chenye mbio. Wakiongeza unene wa bati, injini inalemewa. Wakiupunguza, risasi inapenya. Walifunga springi hizi, wakazing'oa, wakafunga nyingine. Kimoja walikipa magurudumu pamoja na minyororo. Kingine walitaka kiogelee. Kila umbo jipya liliachwa kabla rangi haijakauka vizuri. Ndivyo ninavyoandika mimi.

Basi nikaanza kitabu, na sura ya kwanza nikaijenga juu ya chuma cha baba: kifaru cha majaribio kilichopotea njia kikaishia kwenye mikorosho yetu. Ilikuwa sura nzuri. Tatizo ni kwamba vifaru vile vilikuwa na minyororo myembamba, shibiri moja hivi. Chuma chetu kilikuwa shibiri mbili.

Baba alifariki mwaka jana, akaniachia chuma. Msibani akaja mtani wetu wa Kiegei, mkulima wa ufuta, mwanamke wa rika langu, ambaye baba yake alifyeka mapori yale yale pamoja na baba yangu. Huku kwetu mtani ana ruhusa ya kila kitu msibani. Alivaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akaulizia chai yake kwa sauti yake, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Halafu akakinyanyua chuma kwa mikono miwili, akakipakia kwenye bodaboda.

"Mtani, hicho kina kazi kwenye kitabu," nikamwambia.

"Kikomboe."

Ndiyo desturi: alichobeba mtani hakidaiwi, kinakombolewa. Nilituma jogoo. Akamla, kisha akanipigia kuniambia alikuwa mgumu kama mwenye kumtuma. Nilituma kanga. Akaivaa, akaja nayo sokoni Nachingwea, ninakoishi, ili nimwone.

"Sasa unataka nini?" nikamuuliza.

"Neno moja la kweli. Baba yangu aliliendesha dude lililotoa chuma hicho, likang'oa miti. Alisema lilikuwa kifaru kikubwa cha vita ya pili, wamekivua mzinga wakakifanya trekta. Wewe unawaambia watu kilikuwa kidogo, cha kabla ya vita. Mmoja wenu mwongo, mtani, na yeye amekufa, hawezi kujitetea."

"Baba yako hakwenda chuo."

Nilisema hivyo, mbele ya wauza dagaa. Alicheka, kwa kuwa mtani haruhusiwi kukasirika, lakini alifunga kanga upya kiunoni na kuondoka bila kunitukana. Hajawahi kuondoka bila kunitukana.

Baada ya hapo sikutulia. Mchapishaji alitaka sura yake. Nikaiandika upya mara nne. Nilijaribu kupanua mnyororo wa kifaru chepesi kwa kalamu, ukakataa. Nilikwenda Ruangwa mara mbili kwa kisingizio cha kusafisha nyumba, nikaishia kuangalia alama ya kutu barazani, pale chuma kilipokaa. Nikaipima nayo. Shibiri mbili.

Alhamisi asubuhi nikampigia.

"Umeamkaje, mtani?"

"Nimeamka na korosho. Husikii?"

Nilisikia: ko, ko, ko, na sauti za wanawake wengine.

"Weka spika," nikasema, "wasikie wote."

"Nimeweka. Sema, msomi."

"Ni trekta. Kilikuwa kifaru kikubwa, wakakigeuza trekta, kama alivyosema baba yako. Nilipima zamani, nikaficha."

Ko, ko ikanyamaza.

"Ulipima lini?"

"Kabla hujazaa mtoto wako wa kwanza."

"Huyo ana wajukuu sasa," akasema, na wanawake wakacheka, maana hana. "Na sokoni ulisemaje?"

"Nilisema baba yako hakwenda chuo."

"Hakwenda. Aliendesha."

"Aliendesha," nikasema. "Nitaandika hivyo."



"Njoo ukichukue kesho, baada ya swala," akasema. "Uje na jogoo mwingine, laini. Na usifike mapema, bado nina debe moja la kubangua."

Ko, ko, ikaanza tena, na simu ikakatwa.