Docteur wa masikio aliyebishana na machine iliyozimwa

Wakuu, jambo kwenu bote: ba Dar, ba Nairobi, ba Buja na siye ba huku Butembo.

Hii story ni yangu miye mwenyewe. Majina tu njo nimebadilisha, juu batu ba Beni banajuana sana. Ingine yote ni vile ilipita. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, anasomaka hapa, na akiona nimeongeza chumvi atanianika ku comments.

Kiswahili yangu ni ya Butembo, musinifanyie examen.

Kazi yangu ni audiologue, napimaka masikio ya batu. Na ndani ya ile kazi niko na spécialité: acouphène. Ni ile mutu anasikia sikio yake inalia siiii ao vuuum, kumbe inje hakuna kitu inalia. Nilienda kuisomea mbali, nikarudi na diplôme. Nikaitia mu cadre ya rangi ya dhahabu, nikaitundika salon fasi mugeni hawezi kuikosa.

Cabinet yangu iko Butembo, mais kila vendredi, ile Ijumaa yenu, nashuka Beni, napokea bagonjwa mu kachumba kamoja ku quartier Beu. Cabine ya kupimia tuliijenga na mikono yetu: matelas ku ukuta, carton za mayai juu ya matelas. Ukifunga mulango unasikia mate yako ikishuka. Nilikuwa najivunia ile cabine kama mutu aliyejenga cathédrale.

Dimanche sasa, napigaka guitare basse ku chorale ya kanisa. Fasi yangu ni mbele ya baffle kubwa, ile spika inatikisa madirisha.

Donc semaine muzima nahubiria batu: "Mukimbie makelele!" Dimanche naiegemea. Musiniulize.

Sasa, siku moja nikaanza kusikia mulio kule nyumbani. Mwembamba, siiii, hapana kukatika.

Nikasema ni frigo. Nikaitoa ku courant, nyama ya bibi ikaoza. Nikasema ni chargeur ya téléphone. Nikang'oa chargeur zote za nyumba, mulio iko pale pale. Nikavaa viatu, nikaenda kwa jirani kumuambia convertisseur yake, ile machine ya kutoa courant ku batterie, inasumbua quartier.

Ule papa akaniangalia na huruma. "Docteur, convertisseur yangu baliiba tangu Noël."

Bibi akaniambia, "Papa, miye sisikie kitu. Batoto pia habasikie."

Nikamujibu, "Ni juu hamukusoma masikio."

Wakuu, mugonjwa angeniletea ile ile habari ku cabinet, ningemuambia jina ya ugonjwa wake hata mbele aikale. Mais sikio ilikuwa yangu, kwa hiyo ilikuwa frigo.

Tuende Beni.

Ile vendredi balikuja batu batatu ba famille moja. Wa kwanza Kasereka, mwenye moulin ya kusaga mihogo, sikio zake zinalia, hapana kulala, macho nyekundu. Wa pili kaka yake mukubwa Mumbere, njo mukubwa wa famille, kofia hapana kuvua. Wa tatu mama mumoja, Kahindo, mujane wa ndugu yao wa katikati. Yeye aliikala karibu na mulango, sac imefungwa vizuri iko ku miguu yake.

Nikazani ametoka safari.

Mumbere akasema bila kuzunguka: "Docteur, mugonjwa ni huyu. Na mwenye alimuroga ni ule kule ku mulango."

Ah bon!

Akaeleza. Siku ya matanga ya bwana yake, Kahindo alilia na nguvu karibu na Kasereka, mudomo karibu na sikio. Ile semaine sikio zikaanza kulia, mpaka leo hazijanyamaza. Famille ikaikala, ikakata neno: kama docteur hanyamazishe ile kitu leo, Kahindo anarudi kwabo Kamango. Batoto banabaki, juu ni ba famille ya baba yabo.

Nikaangalia ile sac tena. Mama alikuwa anashika mukanda ya sac na vidole vyote, anaangalia chini.

Na miye nilijua kitu kimoja: acouphène hapana kuzimwa kama taa. Unasaidia mutu kuishi nayo, kichwa yake iiache pembeni, alale, afanye kazi. Kumuahidi Mumbere "leo inanyamaza" ni uongo mutupu.

Donc nikafanya nini? Nikafanya cours!

Nikakamata karatasi, nikachora ubongo. Nikachora mishale. Nikasema "système limbique" na sauti ya professeur, nikarudilia na sauti kubwa zaidi juu niliona hawaelewe. Ubongo yangu ilifanana na kiazi imeota.

Mumbere akangoja nimalize. "Donc itanyamaza leo?"

"Leo hapana, papa, mais..."

"Kahindo, kamata sac."

Mama akasimama, Mumbere pia. Nikapiga kelele: "Mungoje! Hatujapima! Hapana kuhukumu mutu mbele ya kupima!"

Mumbere akaikala tena, shingo upande. Nikamusukuma Kasereka mu cabine, nikamuvalisha casque ya masikio, nikaacha mulango wazi kidogo. Mbele ya kupima, naanzaka kusikiliza machine miye mwenyewe na casque ingine, kuona kama inatoa sauti muzuri.

Nikavaa. Siiii.

Nikapunguza sauti. Siiii. Nikarudisha bouton ku zéro. Siiii, ile ile.

Nikaita infirmière wangu: "Masika! Machine imeharibika, inapiga filimbi yenyewe!"

Nikabadilisha casque. Nikapuliza mu matundu ya fiche. Nikaipiga machine kofi, wakuu, miye mwenye cadre ya dhahabu. Nikatukana fundi, nikatukana barabara ya Butembo yenye kuitikisa, nikatukana na mwenye aliniuzishia.

Masika alikuwa amesimama tu, mikono mu mifuko ya blouse. Aliponiona nachoka, akasema polepole:

"Docteur, courant imeenda tangu mulikuwa munachora ule ubongo."

Nikaangalia machine. Hata kataa kake kadogo kalikuwa kamekufa.

Mu cabine, Kasereka akatoa casque, akachungulia. "Docteur, inalia namna gani?"

"Siiii."

"Kama mbu yenye haitue?"

"...Eh."

"Docteur! Na weye uko nayo!"

Nikakataa! "Hapana, ni machine."

Masika akauliza, "Machine gani?"

Pale njo nikaikala chini. Frigo. Nyama. Chargeur. Ule papa wa convertisseur, Yesu wangu, na vile nilimukunjia sura! Kasereka alicheka mpaka machozi ikamutoka, akajifuta na mukono yenye unga ya mihogo, akabaki mweupe kama clown.

Mumbere hakucheka. Akainama mbele. "Docteur, na weye nani alikuroga?"

Mudomo yangu ikajibu hapana kungoja kichwa: "Baffle ya chorale."

Kahindo, mwenye hakufungua mudomo tangu aingie, akageuka ku mulango, akamuambia Mumbere na heshima ya kaka mukubwa:

"Yaya, umuulize docteur kama ananijua."

Mumbere akaniangalia. "Unamujua?"

"Leo njo namuona mara ya kwanza."

"Ulikuwa ku matanga yetu?"

"Hapana, papa. Miye ni mutu wa Butembo."

"Donc," mama akasema, "nililia miye hapa Beu, sikio ikaharibika Butembo?"

Kasereka akamugeukia Mumbere: "Yaya, ni moulin. Docteur anaegemea baffle, miye naegemea moulin. Tuache huyu mama."

Mumbere akavua kofia, akaizungusha mu mikono, akaizungusha tena. Mwishoni akasema, "Kahindo, weka sac chini."

Aliiweka, akaikala juu yake, akalia. Safari hii hakuna mutu alisogeza sikio. Miye pia nililia kidogo, nusu furaha, nusu haya.

Courant iliporudi tukapima Kasereka, kisha Masika akanipima miye. Sasa Kasereka anavaa casque ya kuzuia makelele ku moulin, mangaribi anaweka radio chini chini, analala. Mulio iko, mais haimutawale tena. Miye nimehamia nyuma ya chorale na vizibo mu masikio, batoto ba soprano bananicheka kila dimanche.

Na diplôme yangu? Hakuna mwenye kuiuliza. Bagonjwa banatoka hata Eringeti, banauliza: "Ule docteur mwenye sikio inalia iko?"

Funzo nililotoka nalo: mbele ya kuita mutu mulozi, angalia kwanza makelele gani iko karibu na wewe. Na ukiwa spécialiste, musikilize bibi yako.

Sasa nanyi museme. Zenu zinalia namna gani, siiii, vuuum, ao mbu? Na kama frigo yako imeanza kukusumbua, kula nyama kwanza, kisha uje tuongee.

NB: Vendredi nikipita karibu na moulin, Kahindo iko pale anapima unga, batoto bake banachezea pembeni. Ananiita mbele ya baclient bote:

"Docteur, sikio?"

"Bado inalia, mama."

"Basi, haiko miye mulozi!"